Mtoto Aliyenusurika Bado Yuko Safarini

Mama na mtoto wakitolewa kwenye gari moja lililopinduka, hospitali huwatenganisha. Mama hupelekwa wodi ya wanawake, mtoto wodi ya watoto, au mmoja huingizwa chumba cha upasuaji huku mwenziwe akishonwa kwingine. Ndio utaratibu, na una sababu zake. Lakini mtoto wa miaka minne hajui utaratibu. Anachojua ni kwamba kulikuwa na kishindo, gari likageuka, mama akapiga ukelele, na sasa mama hayupo. Kila anayepita anamwambia anyamaze, mama anakuja. Na mama haji.

Naanzia hapo kwa sababu hapo ndipo habari zetu za ajali huishia. Kagera tuna uchungu wa miaka mingi katika jambo hili. Mei 21, 1996 ilizama MV Bukoba, na hakuna ukoo mkubwa wa Bukoba au Muleba usiokuwa na jina la kutaja. Novemba 6, 2022 ndege ya Precision Air ilianguka ziwani ikikaribia kutua Bukoba ikiwa na watu 43. 19 walifariki, 24 wakatoka hai. Kila mara tunahesabu. Hesabu ikiisha, waliokufa tunawazika kwa heshima zote, na waliotoka hai tunawaambia wamshukuru Mungu. Wanamshukuru kweli. Kisha wanarudi nyumbani, mlango unafungwa, na hakuna mwandishi wala jirani anayerudi baada ya wiki sita kuuliza mtoto analalaje.

Chukua Ijumbi, kata ya huku Muleba. Mtu wa Ijumbi akiumia, hospitali yake ni Rubya, iliyo chini ya Kanisa Katoliki na ambayo kwa miaka mingi imekuwa hospitali teule ya wilaya ya Muleba. Wa upande wa Kamachumu hukimbilia Ndolage, ya Kanisa la Kilutheri (KKKT). Kwa mfupa uliovunjika bila matata au kichwa kilichopasuka juu juu, msaada upo karibu. Jeraha likizidi hapo, rufaa ni Bukoba, na likizidi tena mara nyingi ni Bugando, Mwanza. Watu wa mbali hawaelewi maana ya sentensi hiyo fupi. Bugando kwa barabara ni kuzunguka ziwa: Muleba, Biharamulo, Geita, hadi Busisi. Zamani hapo gari la wagonjwa lilikuwa na foleni ya kivuko mbele yake. Tangu Juni 2025 kuna Daraja la J.P. Magufuli, kilomita tatu juu ya maji, na kero hiyo imekwisha. Lakini safari yenyewe ipo pale pale. Mtoto aliyetolewa jana kwenye Hiace iliyobiringika, leo analazwa ndani ya gari jingine na kufungwa mikanda kwa mwendo wa mamia ya kilomita. Akipiga kelele, wakubwa husema ni maumivu ya mguu. Huenda ni mguu. Huenda ni gari.

Nani anakwenda naye? Hospitali zetu zinategemea ndugu. Ndugu ndiye anayeleta uji, anayefua, anayemgeuza mgonjwa, anayekimbia duka la dawa na karatasi mkononi. Mama akiwa naye yuko kitandani, kazi hiyo humwangukia bibi aliyeacha kibanja na mbuzi wake, au shangazi, au dada wa darasa la sita anayeacha shule. Bibi mmoja, wagonjwa wawili, wodi mbili. Wauguzi wengi wenye roho nzuri huvunja utaratibu kimya kimya: hukisogeza kitanda cha mtoto, au humbeba mtoto usiku akamwone mama yake dakika kumi. Natamani wanachokifanya kwa huruma kiwe ndiyo kanuni, kwamba mzazi na mtoto waliotoka kwenye gari moja walazwe chumba kimoja kila inapowezekana, na isipowezekana mtoto apelekwe amwone mzazi wake kwa macho, hata kama mzazi amefungwa bendeji na uso umevimba, baada ya kumweleza kwanza atakachokiona. Kwa kichwa cha mtoto, mama aliyefungwa bendeji ni mama aliye hai. Mama asiyeonekana ni maiti.

Saa za mwanzo zina hatari nyingine ambayo mzazi yeyote wa kijijini anaweza kuijua bila kusomea udaktari. Mwili wa mtoto huficha. Mtu mzima anayevuja damu ndani hubadilika mapema. Hutoka jasho, huishiwa nguvu, shinikizo la damu hushuka. Mishipa ya mtoto hujibana na kulishikilia shinikizo hilo kwa muda mrefu. Anaweza kuwa ameketi, anakunywa uji, anajibu akiitwa jina, kumbe bandama inavuja. Kisha huzimika ghafla. Mbavu zake ni laini, na ini na bandama havijafunikwa vizuri kama vya mtu mzima. Mkanda wa gari uliopita juu ya tumbo badala ya kukaa kwenye nyonga huacha alama ya michubuko kama ukanda. Mganga mwenye uzoefu akiiona alama hiyo hamruhusu mtoto kurudi nyumbani siku hiyo, hata kama anacheka. Kichwa nacho kina dalili zake: kutapika tena na tena, usingizi usio wa saa yake, maneno yasiyoshikana, mboni za macho zisizolingana. Yote haya yanaweza kuja baada ya saa kadhaa, wakati familia imekwisha kuondoka hospitalini ikiimba. Habari njema ni kwamba sehemu kubwa ya majeraha ya bandama kwa watoto hupona bila kisu, ilimradi mtoto alazwe, atulizwe na aangaliwe.

Mifupa nayo ina lake. Huku kwetu mfupa ukivunjika wapo wanaopita kwanza kwa fundi wa jadi wa kuunga, na siwezi kumlaumu mzazi aliyeishiwa nauli. Ila banzi likikazwa mno juu ya mkono unaovimba, vidole hupoa, hufa ganzi, na baada ya hapo hakuna wa kuurudisha mkono ule. Halafu kuna hili lisilosemwa sana: mfupa wa mtoto una sehemu laini karibu na kiungo, nayo ndiyo inayourefusha. Ikivunjika na kuungwa vibaya, mguu huweza kubaki mfupi kuliko mwenzake, na kasoro hiyo hujitokeza baada ya miaka, wakati dereva amekwisha hamia mkoa mwingine. Ndiyo maana kadi ya hospitali na picha za eksirei za mtoto zinastahili kuwekwa pamoja na cheti cha kuzaliwa.

Tanzania tunayo ajali moja ambayo watu waliifuatilia baada ya siku ya mazishi, nayo ni ya Karatu. Jumamosi ya Mei 6, 2017, basi dogo la shule ya Lucky Vincent ya Arusha lilitumbukia korongoni eneo la Rhotia, likiwapeleka watoto wa darasa la saba kufanya mtihani wa ujirani mwema na shule nyingine. Walikufa wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Mei 8 uwanja wa Sheikh Amri Abeid ulijaa majeneza, na aliyekuwa Makamu wa Rais, Samia Suluhu Hassan, akaongoza maombolezo. Watoto watatu walitoka hai, wasichana wawili na mvulana mmoja, wote wameumia vibaya. Nyuma ya basi lile walikuwa wakipita Wamarekani waliojitolea na shirika la STEMM, lenye shughuli zake Arusha. Walishuka korongoni na kukuta kwamba miongoni mwa miili walikuwamo wanaopumua.

Siku chache baadaye watoto hao walisafirishwa kwa ndege ya shirika la Samaritan's Purse hadi Marekani, wakatibiwa Sioux City, jimbo la Iowa, bila familia zao kudaiwa. Mmoja aliumia uti wa mgongo na alihitaji pia hospitali ya mazoezi ya viungo huko Lincoln, Nebraska. Walirudi nyumbani Agosti 18, 2017.

Watu wengi tunakumbuka ndege. Mimi kilichonikaa ni jambo dogo ndani ya habari hiyo: kila mtoto alikwenda na mama yake. Waliopanga safari ile hawakumhesabu mama kuwa mtu wa kusindikiza tu. Kwa zaidi ya miezi mitatu, katika nchi wasiyoijua lugha yake vizuri, watoto wale walikuwa na mtu wa kuwaambia kwa Kiswahili kwamba kesho watafanya nini, kwamba sindano hii ni ya mwisho leo, kwamba ndiyo, rafiki zako wamekufa. Kuna siku mtoto wa miaka kumi na kitu alipaswa kuambiwa kwamba wenzake wengi wa darasa wamezikwa. Hakuna daktari bingwa anayeweza kufanya kazi hiyo kumzidi mama aliyepumzika, aliyekula, asiyewaza deni la hospitali. Na hapo ndipo tofauti ilipo kati ya watoto watatu wa Karatu na mamia ya watoto wanaotoka kwenye ajali zisizotangazwa: mama wa Ijumbi anawaza deni, anawaza kahawa iliyoachwa kwenye majamvi, na mara nyingi mwenyewe ana mbavu zilizovunjika.

Akirudi nyumbani, mtoto hubadilika. Siku za mwanzo karibu watoto wote hubadilika. Aliyekwisha acha kukojoa kitandani huanza tena. Aliyekuwa analala na dada zake hataki mtu yeyote ila mama. Hushtuka lori likipita barabarani. Hukataa kupanda gari, au hupanda akiwa amefumba macho na kushika siti kwa mikono yote miwili. Na hucheza ajali. Watoto wa huku hutengeneza magari ya vipande vya mgomba na magurudumu ya mbao; utamkuta kalisukuma gari lake taratibu uani, halafu akalipindua, akaokota watu wake wa vijiti, akawalaza mstari mmoja. Kesho hivyo hivyo. Mkubwa akimwona humkaripia kwamba anajitakia mkosi. Si mkosi. Mtoto hana maneno ya kutosha, kwa hiyo analieleza jambo kwa mikono mpaka alielewe. Anayefaa ni yule anayechuchumaa karibu naye na kuuliza: na huyu yuko wapi sasa? Nani amekuja kumsaidia? Mara nyingi ndani ya mwezi mmoja mchezo hubadilika wenyewe. Gari la wagonjwa linafika, watu wa vijiti wanaamka. Mwezi ukipita mchezo ukiwa ule ule, usingizi ukiwa haupatikani na shule ikiwa haiendi, hapo mtoto anahitaji mtu aliyefundishwa.

Sasa, mtu huyo atatoka wapi Muleba? Hapa ndipo ninapokataa kabisa kauli kwamba mambo haya ni ya wazungu.

Tulijifunza kwenye msiba mwingine. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI Tanzania waligunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Miaka kumi na tano baadaye vibanja vingi vya Ihangiro, huku Muleba, vilikuwa na makaburi mapya na bibi mmoja mwenye wajukuu watano. Nshamba, ndani ya wilaya hii hii, kikaanzishwa kitu kilichoitwa Humuliza, kazi iliyosimamiwa na Mswisi Kurt Madörin kwa msaada wa terre des hommes ya Uswisi. Mashirika mengi wakati huo yalikuwa yanagawa madaftari na mablanketi. Humuliza walikwenda mbali zaidi: waliwafundisha walimu na walezi namna ya kuzungumza na mtoto aliyefiwa, kumsikiliza, kutomdanganya kwamba baba amesafiri. Mwaka 2000 yatima wenyewe wakaunda Vijana Simama Imara, chama chao, wakiongozana na kusaidiana. Mwaka 2003 ikazaliwa Kwa Wazee, iliyowapa mabibi wanaolea wajukuu pensheni ndogo ya kila mwezi, kwa kuwa ilionekana wazi kwamba mlezi mwenye njaa hawezi kumliwaza mtu. Kutokana na mbegu za Nshamba na za sehemu kadhaa za kusini mwa Afrika likakua REPSSI, shirika ambalo leo linafundisha malezi ya kisaikolojia kwa watoto katika nchi nyingi za Afrika Mashariki na Kusini.

Kwa hiyo elimu hii si ngeni hapa. Ilikulia hapa. Walimu waliofundishwa wakati ule wengine bado wako vijijini, wamestaafu, wanapalilia migomba. Yatima wa wakati ule ni wazazi sasa, na wanajua kwa miili yao maana ya kuambiwa uongo mtamu siku ya msiba. Kinachokosekana ni mtu wa kusema kwamba mtoto aliyetoka kwenye Hiace iliyopinduka ni wa kuhudumiwa kwa elimu ile ile, hata kama hajafiwa na mtu.

Na haihitaji kusubiri madaktari wa akili ambao hatuna. Moshi kwetu na Bungoma nchini Kenya, mjini na vijijini, ulifanyika utafiti kwa watoto 640 wa miaka 7 hadi 13 waliopoteza mzazi. Washauri walikuwa watu wa kawaida, si wataalamu wa saikolojia, waliofundishwa na kusimamiwa. Walikutana na watoto kwa vikundi kwa wiki 12, na kidogo kidogo kila mtoto akasimulia lililompata badala ya kulikimbia. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020: katika maeneo matatu kati ya manne, watoto hao walipungukiwa na dalili za mshtuko kuliko waliopata huduma ya kawaida. Kwa mtoto wa ajali njia ni hiyo hiyo. Leo anakaa ndani ya gari lililosimama, milango wazi, mama pembeni. Wiki ijayo linasogea mpaka kwenye mti ule. Baadaye mpaka sokoni. Halazimishwi, wala haachwi ajifiche milele.

Kuna desturi yetu moja ambayo naipenda na ambayo humuumiza mtoto bila sisi kujua. Watu wakisikia ajali wanakuja kutoa pole. Wanakuja wengi, wanakuja na ndizi na sukari, na kila anayeketi anauliza: waitu, ilikuwaje? Mzazi anasimulia. Anaondoka huyu, anaingia yule, inasimuliwa upya, kila mara kwa undani zaidi: dereva alivyolala kwenye kona, vioo vilivyopasuka, yule mzee wa kiti cha mbele alivyokatika. Mtoto yuko pale kwenye mkeka. Hakuna anayemtazama, lakini anasikia yote, na mengine hakuyaona siku ile, anayapata sasa. Wageni wasikatazwe, maana nyumba isiyo na wageni baada ya ajali ni nyumba ya huzuni mara mbili. Ila ndugu mmoja akae mlangoni na kusimulia kwa wanaoingia, ili ndani watu waongee habari nyingine, na mtoto asimulie mwenyewe siku atakayotaka, kwa maneno yake.

Mzazi aliyekuwa anaendesha ana mzigo wake tofauti. Nimewasikia wanaume wakisema kwa sauti ndogo kwamba hawawezi kulitazama kovu la mtoto wao. Mmoja huuza gari kwa bei ya kutupa. Mwingine hurudi usiku mtoto akiwa amelala, kila siku, na nyumbani wanadhani amepata mwanamke. Mama aliyekuwa amempakata mtoto naye huulizwa na mawifi, kwa nini ulimwachia? Swali hilo ni katili, na jibu lake ni la kisayansi: hakuna mwanadamu ambaye angeweza kumshika. Watoto wanapona zaidi pale mzazi wao anapopona. Baba anayejificha anamfundisha mtoto kwamba kovu lake ni aibu. Anayemshika mkono, akamwambia gari lilipinduka nikiwa naendesha mimi, nilihuzunika sana, wewe hukukosa lolote, amefanya kazi ambayo wodi yote haikuweza.

Upande wa fedha na sheria nitapita haraka, maana unahitaji makala yake. Fomu ya polisi, PF3, ni muhimu, lakini majeruhi wa dharura anapaswa kutibiwa kwanza, fomu ifuate. Piga picha namba ya gari na taarifa za bima. Gari la abiria linalazimika kisheria kuwa na bima, na uhalali wake unaweza kuhakikiwa kwa mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima. Tunza kila risiti. Na usimalizane kandokando ya barabara kwa bahasha na karatasi ya kutiwa sahihi wakati mguu wa mtoto bado una plasta. Kwa kawaida madai ya namna hii hupewa miaka mitatu, lakini Sheria ya Ukomo ya mwaka 1971 inamlinda mtoto: muda wake hauanzi kuhesabiwa mpaka afikie utu uzima. Wazazi wengi hawajui hilo, na wanaoleta bahasha hawana haja ya kuwaambia.

Narudi kwenye kupakata, maana huko ndiko majeraha mengi haya yanakoanzia. Pale stendi ya Muleba Hiace ikijaa, konda humtazama mtoto aliyekaa kwenye siti na kumwambia mama yake ampakate, abiria mwingine akae. Mama hupakata. Kama hakulipa nauli ya mtoto, hana la kusema. Basi lipige kitu likiwa kilomita 50 tu kwa saa: nguvu yake ni sawa na kuanguka kutoka mita kumi hivi, ghorofa ya tatu. Mama anayedhani mikono yake itamzuia mtoto anadhani anaweza kumdaka mtoto aliyetupwa kutoka ghorofa ya tatu. Ubaya zaidi, mwili wa mama mwenyewe humfuata mtoto na kumbana kwenye siti ya mbele. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba barabara ziliua watu milioni 1.19 duniani mwaka 2021, na kwamba kwa wenye umri wa miaka 5 hadi 29 hakuna kinachoua zaidi. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ilitungwa mwaka 1973, na haikumwazia mtoto kiti chake maalumu.

Wenye magari binafsi hawana kisingizio. IST na Noah zinazotoka Japani huja na mikanda ya nyuma. Ingia gari lolote hapa Bukoba utazame: mikanda imezama chini ya vitambaa vya siti tulivyoshonesha ili gari lipendeze, na pa kuchomekea pamefunikwa kabisa. Dakika tano za mkasi zinatosha. Mtoto akae nyuma, mahali pake peke yake, mkanda ukae kwenye nyonga na si tumboni; mdogo asiyetoshwa na mkanda anunuliwe kiti, hata kilichotumika. Bei yake si kitu mbele ya majeraha ya mtoto.

Na kuna jambo moja linalonipa matumaini ya kweli. Kwa mfumo wa m-mama, uliojaribiwa Sengerema na Shinyanga kabla ya kuenezwa nchi nzima kuanzia mwaka 2022, simu 115 hupigwa bila malipo kwa ajili ya mjamzito au mzazi mwenye kichanga mahututi, na kama gari la wagonjwa liko mbali, dereva wa kawaida aliyesajiliwa huko huko kijijini hutumwa na hulipwa. Tumekwisha thibitisha kwamba tunaweza kumtoa mtu kijijini usiku na kumfikisha mezani kwa daktari. Madereva hao hao, simu hiyo hiyo, wangeweza kufundishwa kumbeba mtoto wa ajali bila kumpinda shingo, badala ya kumtupa nyuma ya pikapu.

Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa kuandaa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, zaidi ya 137,000 kwa miaka mitano. Watapita nyumba kwa nyumba, Ijumbi ikiwamo, wakiuliza habari za chanjo, vyoo na uzazi. Naomba waongezewe maswali machache kwa nyumba yoyote iliyopata ajali: mtoto analala? Anakwenda shule? Amepanda gari tangu siku ile? Na mama je, nani anamsikiliza? Jibu likiwa baya, mhudumu ajue pa kumpeleka mtoto huyo, iwe kwa ustawi wa jamii wa wilaya, iwe Rubya, na amwachie mzazi namba 116, simu ya bure ya huduma kwa mtoto, ambayo mtoto mwenyewe pia anaruhusiwa kuipiga.